Maswali ya Wasomaji: Mululuza, Artemisia na Siku ya 28

Mvua zikianza, sanduku letu la barua hujaa homa. Mwezi huu karibu kila mwandishi anauliza jambo moja kwa namna yake: dawa za majani zinatibu malaria au hazitibu? Tumechagua barua saba. Tumezifupisha, ila maswali yenyewe hatukuyagusa.

Musawo (daktari), hapa Busia tangu utoto wangu jjajja, bibi yangu, alikuwa akitutwangia mululuza, yale majani machungu. Unakunywa kikombe asubuhi na jioni, siku ya tatu homa imekwenda. Binti yangu ni muuguzi, ananiambia hiyo si tiba. Kama si tiba, homa ilikwenda wapi?
*Mama muuza samaki, Busia*

Homa ilikwenda kweli, mama, na binti yako halikatai hilo. Mnachopishana ni maana ya homa yenyewe. Waganda husema *omusujja* kwa kila joto la mwili, na wakitaka kutaja malaria huongeza *gw'ensiri*, wa mbu. Lakini mgonjwa aliyelala na blanketi hajui kama joto lake limetoka kwa mbu, kwa virusi vya mafua, kwa maziwa mabichi yenye brusela, kwa homa ya matumbo au kwa ugonjwa wa njia ya mkojo. Homa nyingi za virusi huondoka zenyewe siku ya tatu au ya nne, ukinywa mululuza au ukinywa uji. Bila kipimo siku ya kwanza, huwezi kusema siku ya tatu ni nini kilichoondoka.

Pili, huenda ilikuwa malaria kweli. Mtu mzima aliyekulia Busia ameumwa na mbu wa anofelesi maelfu ya mara, na mwili wake umejifunza kuishi na vimelea. Hauvimalizi, unavibana tu mpaka joto lishuke. Mtu huyo ataapa kwamba jani limemponya. Akimpa jani hilohilo mjukuu wa miaka miwili, ambaye kinga hiyo hana, mambo huenda kombo. Kinga ya bibi haimo ndani ya kikombe.

Tatu, na hapa wataalamu wengine huruka haraka mno, huenda mululuza unafanya kitu. Mti huu mchungu, ambao Wanyankole huuita *omubirizi*, ulipimwa kwa wagonjwa wenye malaria isiyo kali katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009. Hadi siku ya 14, asilimia 67 walikuwa na nafuu ya kutosha. Si haba. Lakini damu yao ilipotazamwa kwa darubini, ni asilimia 32 tu ya hao wenye nafuu waliokuwa wamesafika vimelea kabisa, na kati ya waliosafika, asilimia 71 vimelea vilionekana tena. Tuiweke hesabu mezani kama hesabu ya samaki: wagonjwa 100 wanakunywa, 67 wanajisikia vizuri, 21 hivi damu inasafika, 15 kati yao vimelea vinarudi. Wanabaki sita.

Ndiyo maana tunaulizia siku ya 28 tangu dawa ianze, damu ipimwe tena. Vimelea vya falsiparamu, vinavyosababisha malaria nyingi hapa Uganda, huzaliana ndani ya chembe nyekundu za damu kwa mzunguko wa saa 48 hivi. Vikibaki vichache, mgonjwa hajisikii chochote; hurudi sokoni, hubeba beseni lake, na baada ya wiki mbili au tatu homa inarudi. Yeye husema "nimeumwa na mbu mwingine". Pengine. Pengine ni vimelea vilevile vya mwanzo.

Kipimo hiki hakikutungwa kwa chuki ya majani. Shirika la Afya Duniani husema dawa ya malaria ikishindwa kwa zaidi ya asilimia 10 ya wagonjwa, nchi ibadilishe. Klorokwini ilitoka kiwandani, ilikuwa na sanduku zuri na jina la kisayansi, na kipimo hichohicho ndicho kilichoiangusha. Mwaka 2004 Uganda iliamua kuhamia dawa mseto, ile ambayo wengi tunaiita Coartem. Mululuza unaulizwa swali ambalo klorokwini iliulizwa.

Sisi Kabale tunalima artemisia. Tunasikia Coartem inatokana na mmea huu. Kwa nini basi mkulima anunue vidonge wakati majani yako uani? Majirani huchemsha konzi moja katika lita moja ya maji.
*Mkulima, Kabale*

Swali zuri, na jibu lake limo ndani ya sufuria. Kinachoua vimelea zaidi katika mmea huu ni artemisinini, na artemisinini haipendi maji. Huyeyuka vizuri katika mafuta na katika vimiminika vya maabara. Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, alikwama hapohapo. Alirejea maandishi ya tabibu wa kale, Ge Hong, wa karne ya 4, yaliyosema majani yalowekwe katika maji kisha yakamuliwe, bila kuchemshwa. Akashuku kwamba moto unaharibu dawa, akatumia etha, ambayo huchemka kwenye nyuzi 35 hivi tu. Mwaka 1972 artemisinini ikapatikana ikiwa safi, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Wanaoitaja tuzo hiyo kama ushahidi wa chai husahau kwamba alitunzwa kwa kuitoa dawa kwenye jani.

Sasa vipimo. Watafiti walipopima chai ya gramu 9 za majani makavu katika lita moja ya maji, walipata miligramu 94.5 za artemisinini, yaani kama asilimia 19 ya dozi ya kawaida ya siku. Ili kufikia dozi, ungehitaji gramu 47 hivi na lita tano za chai chungu kila siku, kwa mgonjwa anayetapika. Na hayo ni majani mazuri. Konzi ya jirani yako ina gramu ngapi? Kiasi cha artemisinini hubadilika kwa mbegu, udongo, wakati wa kuvuna na namna ya kukausha. Tena kuna artemisia ya Kiafrika, dada wa huu wa Kichina, ambayo haina artemisinini au ina chembe tu. Katika bustani nyingi huitwa kwa jina hilohilo moja.

Hata ukiipata dozi, artemisinini hukaa mwilini saa chache tu. Hufyeka vimelea vingi kwa kasi, kisha hutoweka na kuacha masalia. Kwa hiyo kidonge cha Coartem kina vitu viwili: artemeta miligramu 20, iliyotengenezwa kutokana na artemisinini, na lumefantrini miligramu 120, ambayo hubaki mwilini siku kadhaa ikimalizia masalia. Chai haina huyo mwenzi.

Je, chai imewahi kupimwa kwa wagonjwa? Ndiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo uliilinganisha na kwinini: siku ya 7, waliopona kwa chai walikuwa wastani wa asilimia 74, kwa kwinini 91. Baada ya hapo wengi wa waliokunywa chai vimelea vilirudi. Upo pia utafiti mwingine wa Kongo, mkubwa zaidi, uliodai chai inaishinda dawa mseto. Huo ndio unaosambazwa sana kwa simu, na jarida lililouchapisha limekwisha kuufuta. Ukitumiwa, muulize aliyekutumia kama anajua hilo.

Kwa haki, tutaje na upande wa pili: hapa Uganda ulifanyika utafiti ambapo watu wazima walikunywa chai ya artemisia mara moja kwa wiki, na waliopata malaria mara nyingi walipungua. Hiyo ni habari ya kinga kwa watu wazima katika eneo moja, na inastahili kurudiwa kwingine. Haimhusu mgonjwa mwenye vimelea leo.

Kuna na sababu ya kututisha sote. Mwaka 2021 ilithibitishwa kwamba kaskazini mwa Uganda vipo vimelea vinavyochelewa kufa kwa dawa za jamii ya artemisinini. Dozi ndogo ndogo, iwe ya chai au ya vidonge vilivyokatizwa siku ya pili, huacha hai vile vigumu na kuvipa nafasi ya kuzaa. Lima artemisia, uza, hilo ni zao. Ukiwa na homa, pimwa.

Nilipatikana na malaria, nikatumia majani siku saba. Siku ya kumi nikapimwa tena kwa kile kipimo cha kidole, mistari miwili bado ipo. Ina maana majani yameshindwa?
*Dereva, Arua*

Kipimo hicho hakiwezi kukujibu. Kipimo cha haraka hutafuta protini inayotolewa na vimelea, na protini hiyo huweza kubaki katika damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Hata aliyemaliza Coartem vizuri anaweza kuonyesha mistari miwili siku ya kumi. Kwa swali lako kinatakiwa kioo cha damu chini ya darubini, ambapo vimelea vyenyewe huhesabiwa. Nenda kituo chenye maabara, useme: nilipimwa tarehe fulani, nilitumia majani, nataka darubini. Na kama bado una joto, usingoje tarehe.

Makosa ya kipimo hiki tunayoyasikia mara nyingi ni haya. Msomaji huangalia baada ya dakika tano na kutupa, wakati karatasi ya kifurushi husema dakika 15 au 20. Au hukisoma baada ya saa nzima, mstari hafifu ukiwa umejitokeza wenyewe. Au maji ya kipimo yamezidi matone, au kifuko kimefunguliwa tangu asubuhi na unyevu umeingia. Mstari wa uthibitisho usipotokea, kipimo ni batili, chukua kingine.

Mjukuu wangu ana mwaka na nusu, anachemka usiku. Nimpe mwarobaini vijiko vingapi? Wengine wananiambia kigagi (mshubiri).
*Bibi, Kasese*

Hata kijiko kimoja usimpe, bibi. Mwarobaini umeitwa hivyo kwa sifa ya kutibu maradhi arobaini, lakini mafuta ya mbegu zake yaliwahi kuwalaza watoto wachanga huko Malaysia: kutapika, usingizi mzito, degedege. Majani si sawa na mafuta, ila hakuna dozi iliyopimwa ya mtoto wa umri huo, na anayekutajia vijiko anabahatisha. Kigagi nacho, ule utomvu wa manjano chini ya ngozi ya jani huendesha tumbo. Mtoto mwenye homa tayari anapoteza maji; ukimharisha unamwongezea.

Kuna na hatari isiyoonekana. Malaria kali hushusha sukari ya damu kwa watoto. Mtoto anayebanwa mdomo anyweshwe uchungu hukataa kila kitu baadaye, hata titi, na sukari inazidi kushuka.

Leo hii, kabla ya saa 24 kupita tangu joto lianze, mpeleke kwa VHT, yule mhudumu wa afya wa kijiji, au kituo cha afya. Katika wilaya nyingi VHT ana kipimo na dawa za watoto walio chini ya miaka mitano, bila malipo. Akikutwa na malaria, Coartem hutolewa kwa uzito: kilo 5 hadi chini ya 15 kidonge kimoja kwa kila dozi, kilo 15 hadi chini ya 25 viwili, 25 hadi chini ya 35 vitatu, 35 na zaidi vinne. Dozi ni sita. Ukianza saa mbili asubuhi, ya pili ni saa kumi jioni. Kesho na kesho kutwa ni saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Ponda kidonge katika maji kidogo, mpe, kisha mnyonyeshe au mpe maziwa, kwa sababu lumefantrini hufyonzwa vizuri pamoja na mafuta. Akitapika kabla ya saa moja kupita, rudia dozi hiyo, na umwombe VHT akuongezee iliyopungua.

Akipata degedege, akashindwa kunyonya, akatapika kila kitu, akalegea asiamke, akahema kwa shida, viganja vikawa vyeupe, au mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, hapo vidonge vya kumeza havitoshi. Panda boda muende hospitali. Baadhi ya VHT wana artesunate ya kuwekwa njia ya haja kubwa kwa mtoto chini ya miaka sita. Hiyo ni ya kununua muda wa safari tu, lazima mfike kwenye sindano.

Nina mimba ya miezi minne. Mama mkwe ananiletea mumbwa na mululuza kuzuia malaria.
*Msomaji, Iganga*

Mshukuru, uviweke kando. Mumbwa ni udongo uliochanganywa na mitishamba, na aliyeufinyanga tu ndiye anayejua mitishamba gani. Kinga yako ipo kliniki ya wajawazito: Fansidar kuanzia wiki ya 13, kila dozi ikipishana na nyingine angalau mwezi, zisipungue tatu. Kama unatumia Septrin kila siku, mwambie mkunga, kwa sababu hizo mbili hazitumiwi pamoja. Lala ndani ya chandarua chenye dawa kuanzia usiku wa leo. Ukipata homa, pimwa siku hiyohiyo. Malaria hujificha kwenye kondo la nyuma na kumdumaza mtoto wakati wewe unatembea.

Mimi ni mganga wa mitishamba, nina mchanganyiko wa mizizi ninaouamini. Wanasema "hauna ushahidi". Ushahidi unapatikanaje kwa mtu kama mimi?
*Mganga, Bombo*

Barua hii tuliingoja. Anza na jina. Mti unaoitwa kamunye Bombo na unaoitwa kamunye Mbale huenda si mti mmoja. Kata tawi lenye majani na maua au matunda, likaushe ndani ya magazeti chini ya kitu kizito, andika mahali na tarehe, ulipeleke kwenye hifadhi ya mimea ya Chuo Kikuu cha Makerere likatambuliwe. Bila hatua hii, kila kinachofuata ni hadithi ya mti usiojulikana.

Kisha pima. Acha "konzi" na "kipande". Nunua mizani ndogo ya jikoni. Andika gramu, mbichi au kavu, sehemu gani ya mti, maji mililita ngapi, dakika ngapi motoni, dawa inakaa siku ngapi kabla ya kuchacha. Mtu mwingine akifuata daftari lako lazima apate dawa ileile.

Nenda na daftari hilo Wandegeya, Kampala, kwenye taasisi ya Wizara ya Afya ya utafiti wa tiba za asili. Sheria ya tiba asili ya mwaka 2019 inatambua kazi yako, na Mamlaka ya Taifa ya Dawa ndiyo husajili dawa za mitishamba zinazouzwa. Kabla ya kuyaacha maelezo, uliza kwa maandishi nani atamiliki ugunduzi.

Watakuambia kwanza maabara. Usishangilie mapema wakisema dawa yako "imeua vimelea kwenye chupa". Jik pia inaua vimelea kwenye chupa. Kinachofuata ni sumu: ini, figo, wanyama wa maabara. Ndipo waje watu, wazima walioridhia, wenye malaria isiyo kali, chini ya kibali cha kamati ya maadili, na dawa mseto ikiwa tayari pembeni kwa yeyote atakayezidiwa. Damu huhesabiwa siku ya 0, 3, 7, 14 na 28. Mpimaji huhesabu vimelea mpaka afikishe chembe nyeupe 200, kisha huzidisha kwa 8,000 na kugawa kwa 200. Akiona vimelea 50, mgonjwa ana 2,000 katika kila mikrolita ya damu. Namba hiyo haijui dawa ni ya nani.

Jambo moja unaloweza kuanza kesho: mtume kila mgonjwa wako wa homa akapimwe kwanza, uandike jibu kwenye daftari. Baada ya miezi sita utajua ni wangapi walikuwa na malaria kweli. Wenye malaria waache wameze Coartem.

Je, nikimeza Coartem naweza kunywa chai ya kisubi?
*Mwanafunzi, Kampala*

Kunywa. Mchaichai, ndio hicho kisubi, katika kikombe cha kawaida ni chai tu. Hautibu malaria na hauizuii dawa. Ila chai kavu haisaidii lumefantrini kufyonzwa. Weka maziwa, au meza vidonge baada ya matoke na mchuzi wa karanga.